Siku ya Kuchagua Mchele

Ukiona hema jeupe limesimama Msambweni, uliza kwanza ni kiwanja gani kimeanguka. Ndivyo alivyozoea kusema Chiku, mjane wa marehemu Hamadi, wala hakulisema kwa kunong'ona. Alilisema sokoni, alilisema kwenye foleni ya hospitali, alilisema hata msibani mpaka watu wakamkonyeza anyamaze. Hakunyamaza. Kiwanja cha kina fulani kilikwenda kwa bendi na spika. Cha kina fulani kilikwenda kwa jukwaa la maua ya plastiki. Mwali akakalishwa juu yake alasiri nzima kama kitu cha dukani, watu wakampiga picha, wakala, wakaondoka. Leo penye kiwanja hicho pana ukuta, juu ya ukuta pana vipande vya chupa, na aliyekiuza hupita nje ya ukuta akisukuma baiskeli ya madafu, akimwomba Mungu mgeni wa mwenye ukuta aone kiu.

Mwaka huu zamu ikamfikia yeye.

Bintiye Twaiba, aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, aliposwa na Luqman, dereva wa tuktuk pale Ukunda, mtoto wa watu wa Kikoneni. Kijana mwenye adabu, anayemsalimu mkubwa kwa kuzima chombo na kushuka, si kwa kupiga honi. Mahari hayakuleta maneno. Maneno yaliletwa na karamu, na aliyeyaleta alikuwa Sefu, mdogo wake marehemu, ambaye tangu kaka yake afe alijiona ndiye nguzo ya nyumba, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ikisimama vizuri tu bila yeye.

"Shemeji," alisema Sefu, akavuta kiti mpaka kivulini, "harusi hii ni ya mtoto wa kaka yangu. Sitaki watu wa Kikoneni warudi kwao waseme walilishwa mkekani kama wanafunzi wa chuo."

"Mkeka una nini? Wewe ulipozaliwa ulilazwa juu ya nini?"

"Usinitanie. Nimekwisha zungumza na wenye ukumbi Ukunda. Viti vya kuvishwa vitambaa, jukwaa, wapishi wao wenyewe, na mpiga picha mwenye ile kamera inayoruka."

"Inaruka inatafuta nini juu ya kichwa changu?"

"Ndiyo mambo ya sasa hayo."

"Na pesa?"

Sefu aliangalia nyuma ya nyumba, kule mikorosho ilikoinama mpaka barabarani, na Chiku hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikuwa akilingoja jicho hilo tangu siku ya posa.

"Kavumbi ana mteja," alisema Sefu taratibu. Kavumbi alikuwa dalali wa ardhi, na hapakuwa na mtu wa pwani hiyo asiyemjua. "Si shamba lote. Upande wa barabara tu. Mikorosho yenyewe imezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Niuze pia."

"Shemeji!"

"Nimesema. Hamadi aliniachia nyumba na miti. Bila dole langu karatasi yenu ni ya kufungia bisi."

Hilo Sefu alilijua, ndiyo maana alikuja na sauti ya asali. Akaondoka akisema atarudi, na kwamba aibu ya mtoto wa kike haifutiki kwa maji.

Chiku hakwenda skuli zaidi ya darasa la nne. Lakini alikuwa na kichwa kisichotoa kitu kilichoingia. Aliweza kukwambia, kuanzia Ukunda mpaka Msambweni, nani aliuza nini, akauzia harusi ya nani, na nani alisimama shahidi. Alijua kwamba watu hawa wa pwani hawakunyang'anywa kwa bunduki peke yake. Walinyang'anywa pia kwa biriani. Na alikuwa na sababu ya kujua. Mama yake mzazi amezikwa ndani ya ukuta wa nyumba ya kifahari karibu na bahari. Hapo palikuwa makaburi ya ukoo. Siku wapimaji walipokuja, waliuliza kama mahali hapo pana wenyewe, na mwanamke mmoja, Esha, mkubwa wake Chiku kwa umri na jirani wa miaka yote, akajibu mbele ya watu: hapa ni pori, hapana mwenyewe. Mwezi uliofuata mtoto wa Esha akapata kazi ya ulinzi kwenye lango la ukuta huo. Tangu hapo Chiku akitaka kumwombea mama yake dua humwomba ruhusa askari. Na tangu hapo hakumpa Esha zaidi ya salamu ya kupita.

Twaiba alipotoka kazini jioni ile, alimkuta mama yake akifagia ua uliokwisha fagiliwa.

"Ami Sefu amekuja," alisema Twaiba.

"Umejuaje?"

"Unafagia."

Chiku akauweka ufagio. "Niambie kweli, mwanangu. Unalitaka jukwaa?"

Twaiba akacheka. "Mama, mimi kila wiki namwaga maua kwenye vitanda vya maharusi wa watu, kesho yake nayafagia. Jukwaa silitaki." Kisha akavua viatu. "Lakini sitaki pia kuolewa kama anayezikwa. Nitoke, watu waone nimetoka. Hilo tu."

"Utatoka," alisema Chiku. "Utatoka kwa heshima, na mti haukatwi hata mmoja."

Aliapa. Na mtu aliyeapa hutafuta njia. Na njia aliyoiona Chiku ilikuwa ile waliyoizoea wenye ofisi: ukitaka harusi nafuu, punguza watu. Hapo ndipo alipokosea, tena kosa la mtu mwerevu.

Maana kwao harusi haiitwi kwa karatasi. Mwenye harusi huwatuma waalishi, wanawake wawili wenye ulimi mzuri, wakavaa vizuri wakapita mlango kwa mlango. Hubisha hodi, huketi, huuliza hali ya mgonjwa na ya mbuzi aliyezaa, ndipo hutoa ujumbe: fulani akualika, mchele unachaguliwa siku fulani, mwali anatoka siku fulani. Aliyefikiwa mlangoni ameitwa. Asiyefikiwa hakuitwa, hata kama ukuta wa nyumba yake na wako ni mmoja.

Chiku akasema, waalishi wakipita mji mzima, mji mzima utakuja kula. Nami chungu changu ni kidogo. Akamwambia Twaiba atengeneze kadi ya simu, ile yenye mawaridi na maandishi ya dhahabu. Wakaichagulia watu, wachache, wa karibu, ikatumwa. Wakajibu kwa vidole vya kusifu na vikopa vyekundu. Chiku akalala akijiona kamkata Sefu ngebe.

Jumatano ndiyo siku iliyotajwa ya kuchagua mchele. Chiku alitandika mikeka kivulini, akapanga teo za kupepetea, akatoa magunia aliyonunua polepole kwa pesa za korosho, akachemsha kahawa, akakata kashata. Akaketi. Jua likapanda. Kuku akaja, akaonja mchele, akafukuzwa, akarudi. Kahawa ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Hakuja mtu. Twaiba alikuwa amekwisha fungiwa ndani kama mwali, akichungulia kwa dirisha, na kila akichungulia Chiku alijifanya anachagua mchele kwa bidii.

Karibu na adhuhuri alipita Jumwa, Mgiriama wa kanisani aliyekuwa akiuza viazi karai njia panda, mwenzake wa vicheko na vilio. Alipita na karai lake kichwani, akatazama mikeka, akaendelea.

"Jumwa! Unanipita?"

"Nakupita. Naona una kazi."

"Na wewe huingii?"

"Kwani nimeitwa?"

"Nilikutumia kadi!"

Jumwa akasimama, akageuka na karai lake bila kulishika. "Ulituma kwa simu ya mwanangu Samuel. Samuel akanionyesha maua. Nikamwambia, mwanangu, maua mazuri, ni ya nani aliyekufa?"

Chiku akataka kukasirika, akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Jumwa akatua karai, akaja akaketi pembeni ya mkeka, si juu yake.

"Chiku, nikwambie neno?"

"Sema."

"Umehesabu midomo. Mikono hukuihesabu. Mwanamke anayekuja kwako kuchagua mchele haji mikono mitupu. Huyu ana nazi, huyu ana sukari, yule ana mzigo wa kuni, yule hana kitu ila ana mgongo wa kuteka maji. Wewe umewafungia mlango ili usiwalishe. Sasa nani apike? Wewe na huyo kuku?"

"Nitaweka wapishi."

"Kwa pesa gani?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Alikuwa Sefu, na habari zilikwisha mfikia, maana Msambweni habari ya ua mtupu hukimbia kuliko pikipiki.

"Shemeji, nimesikia hapana mtu hapo," alisema. "Mimi sikucheki. Wallahi sikucheki. Lakini Kikoneni wanakuja Jumamosi, watu na wazee wao. Utawapa nini? Kesho asubuhi namleta Kavumbi na mteja. Tia dole, mchana tunalipa wapishi, mtoto anatoka kwa heshima. Ama umwambie Twaiba mwenyewe hana harusi."

Chiku akakata simu. Alitazama mikorosho. Kwa mara ya kwanza tangu aposwe mwanawe, aliitazama kama mtu anayepima. Upande wa barabara tu. Nusu tu. Akajisikia mwenyewe akisema "tu," akaogopa, maana alikuwa amelisikia neno hilo kwa kila aliyeuza.

"Masufuria ya harusi anayo nani siku hizi?" aliuliza.

Jumwa akaangalia pembeni. "Unamjua."

"Sema."

"Ya kikundi cha wanawake. Anayo Esha. Na wanawake wenyewe ni kama masufuria. Hawatoki bila Esha."

Upepo ukapita juu ya mchele. Chiku akaingia ndani, akatoka na buibui lake la sikukuu.

"Inuka," alisema. "Wewe ndiwe mwalishi wangu wa pili."

"Mimi? Mkristo?"

"Una ulimi au huna?"

Jumwa akafunga leso mpya juu ya gauni, na wakatoka. Mji ulitazama. Mwenye harusi hajialikii, hutuma. Kumwona mama wa mwali mwenyewe akibisha hodi lilikuwa jambo la kusimamisha mtu aliyebeba maji. Katika nyumba ya kwanza walikaribishwa kwa mdomo uliopindwa.

"Kumbe leo simu imeota miguu," alisema mwenye nyumba.

"Imeota," alisema Chiku. "Na miguu inauma. Nipe maji."

Akapewa. Akauliza hali ya mgonjwa, akauliza ya mbuzi, akatoa ujumbe: kesho mchele, Jumamosi mwali. Katika nyumba ya pili walimwacha asimame kidogo kabla ya kumpa kigoda, akasimama. Katika nyumba ya tatu walimwimbia kijembe kidogo cha jikoni kuhusu mchagua wageni anayebaki na sahani, naye akakiitikia kiitikio. Kila mmoja alicheka, kila mmoja akalainika, na kila mmoja, wakimsindikiza mpaka nje, akauliza jambo lile lile: "Na Bi Esha umempitia?"

"Ndiko niendako," alijibu kila mahali, na kila mahali jibu lilikuwa zito zaidi.

Esha alikuwa barazani kwake, karibu na msikiti, akimenya kunde. Mwanamke mrefu, aliyekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Chiku akasimama chini ya ngazi. Miaka yote hiyo alikuwa akimpita kwa "Salamu alaikum" ya hewani, kwa sababu salamu hiyo ni ya Mungu, hata adui ana fungu lake. Shikamoo ni nyingine. Shikamoo unampa mtu mkononi, na ukishampa hujui atakushika namna gani.

"Shikamoo, Bi Esha."

Esha akamenya kunde mbili tatu. "Marahaba. Nani huyo? Macho yangu mabovu."

"Macho yako mazima. Ni Chiku."

"Chiku yupi? Yule mwenye harusi ya simu?"

Jumwa akakohoa kuficha kicheko.

"Ndiye. Nimekuja kukualika. Kesho asubuhi tunachagua mchele, Jumamosi tunamtoa Twaiba. Mwaalikwa wewe na nyumba yako."

"Mwenye harusi ajialikia?"

"Ningemtuma mtu usingekuja."

"Kweli. Nisingekuja." Esha akaweka ungo chini, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. "Chiku, nililolifanya unalijua, na mimi nalijua. Kila nikipita kwako mgongo waniwaka. Sasa niambie. Leo umekuja la harusi au la kesi?"

"La harusi. La kesi nitakuja nalo siku yake. Sijasahau, wala sitasahau kwa ajili ya masufuria."

Esha akavaa miwani.

"Ungeniambia umesahau ningekufukuza," alisema. "Pilau au biriani?"

"Pilau."

"Vitunguu umenunua vingapi?" Chiku akamwambia. "Havitoshi hata kuliza mtu. Nenda, nimesikia."

Alhamisi alfajiri, kabla umande haujakauka, mkokoteni uliingia uani ukiwa na masufuria, makubwa kiasi cha mtu kulala ndani, na nyuma yake Esha akitembea kwa fimbo kama jenerali. Nyuma ya Esha walikuja wengine. Mmoja nazi, mmoja gunia la mkaa, mmoja mapakacha ya limau, mmoja mbuzi ya kukunia, na bibi mmoja aliyekuja na mto wake mwenyewe kwa sababu mikeka ya Chiku, alisema, imejaa mifupa. Mikeka ikajaa. Teo zikaanza kulia. Kijiwe kimoja kikipatikana kilionyeshwa watu wote kama jino la kwanza la mtoto. Walimsema Chiku mbele yake mpaka akakoma, wakamsema Luqman na tuktuk yake, wakamwimbia Twaiba nyimbo za unyago zilizomfanya Jumwa ajifunike uso kwa leso na kuomba zirudiwe. Ndani, dirishani, mwali alikuwa akicheka waziwazi.

Ndipo Sefu akaingia, na Kavumbi nyuma yake, viatu vimechongoka, mkoba kwapani. Nje ya ua gari lilikuwa linanguruma bila kuzimwa. Mteja amekaa ndani, vioo vimepandishwa, hewa ya baridi yake peke yake.

Sefu alipowaona wanawake akasita. Kavumbi hakusita. Watu wa kazi ile hawajui kusita.

"Mathe, habari za asubuhi," alisema. "Mteja yuko siriasi, yuko garini. Dakika tano tu tumalize."

"Mathe ni nani?" aliuliza Esha, bila kuinua kichwa. "Sisi hapa ni mama zako. Anza na shikamoo."

Kavumbi akacheka, akatoa shikamoo iliyoviringika. Kisha akamtambua. "Ah! Bi Esha! Basi mambo ni rahisi." Akamgeukia Chiku. "Mama, kama una wasiwasi, muulize huyu. Zamani alifanya kazi na sisi, kule ufuoni. Atakwambia sisi ni watu wa kulipa."

Teo zikanyamaza, moja, nyingine, zote. Hapakuwa na mwanamke asiyejua ni kazi gani. Jana yake Chiku alikuwa amesema la kesi lina siku yake. Hakudhani siku hiyo ingejileta na viatu vilivyochongoka. Akamtazama Esha. Kila mtu akamtazama Esha.

Esha alipepeta mara moja, akapuliza makapi, akauweka uteo.

"Walilipa," alisema. "Mimi nilisema hapana mwenyewe, na palikuwa na mwenyewe, watu hawa wote wanajua palikuwa na mwenyewe. Mwanangu wakampa rungu, awazuie watu kuzuru maiti wao. Mwaka haukwisha wakampokonya rungu, wakaleta kampuni ya walinzi. Sasa yuko nyumbani, hana kazi na hana uso. Hayo ndiyo malipo, kijana. Umeniomba nishuhudie, nimeshuhudia."

"Bi Esha, hayo ni ya zamani..."

"Ya zamani kwako. Wewe una kwenu kwingine."

Mtu mmoja akasema "Hilo!" na mwingine akapiga kigelegele kifupi, kama anayejaribu kisu. Chiku akasimama. Alikuwa na mchele mkononi, na hakuuacha.

"Kavumbi," alisema, "mwambie mteja wako azime gari, moshi unaingia kwenye chakula. Akitaka kushuka ashuke, nazi zipo hazijakunwa, hapana anayefukuzwa harusini. Lakini dole langu limeshika kazi. Leo, kesho, na siku mtakayonizika humu humu, chini ya mkorosho. Nakwambia mbele ya mashahidi hawa, usije ukaniletea mwingine wa kusema hapana mwenyewe."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku akaruka ukuta wa choo. Kavumbi akarudi kinyumenyume, akasema mengi ambayo hayakusikika, na baada ya kitambo gari lile likaondoka na baridi yake.

Sefu alibaki katikati ya ua, hajui aweke wapi mikono. Chiku angeweza kummaliza, na maneno alikuwa nayo, hata yaliyolimbikizwa tangu mwaka juzi. Lakini alimwona jinsi anavyotazama masufuria, mikeka, watu, kama mtoto aliyechelewa skuli. Alimpenda kaka yake, Sefu. Alimpenda na Twaiba. Alichokosa ni kuamini kwamba watu wake mwenyewe wanatosha.

"Shemeji," alisema, "kuni hazijapasuliwa. Shoka liko nyuma ya choo."

"Na ukumbi? Nimekwisha waambia..."

"Waambie mwali ana mikorosho."

Sefu akavua saa, akaitia mfukoni, akaenda. Mapigo ya kwanza ya shoka yaliukosa ukuni. Bibi mwenye mto akamwambia ajaribu kuutongoza kwanza.

Jumamosi Kikoneni walifika, wamepakiwa kwenye tuktuk za wenzake Luqman zilizofungwa leso badala ya maua. Walileta mbuzi, walileta ndizi, walileta ngoma za sengenya na wazee ambao magoti yao yalikufa zamani lakini mabega yalikuwa mazima. Nikaha ilisomwa msikitini. Chini ya mikorosho, mahali pale pale pa upande wa barabara, ilitandikwa mikeka mpaka ikaisha, watu wakatandika leso. Walikula kwa sinia, wanne wanne, watano watano. Sefu alizunguka na birika la kunawisha, akimweleza kila mgeni jinsi alivyoona tangu mwanzo kwamba kivuli ni bora kuliko ukumbi, na Chiku alimsikia, akamwachia.

Pilau haikutosha wote. Hilo lisemwe. Waliochelewa walipewa ukoko, wakagombania, na bado kuna wanaoapa kwamba ukoko ndio uliokuwa harusi yenyewe.

Twaiba alitoka alasiri. Alitoka mlango wa mbele, ndani ya leso walizomshikia mashangazi juu ya kichwa, amenyanyua uso, na ua mzima ukasimama, hata wasioweza kusimama walisimamishwa. Alipofika kwa mama yake akamshika mkono akaubusu. Luqman akafungua tuktuk kama anayefungua mlango wa kasri. Zikaondoka kwa mstari, honi kwa honi, kuelekea bara.

Bibi wa Kikoneni, nyanya yake Luqman, alikuwa bado hajapanda. Alikuja jikoni na leso jozi moja, mpya, akauliza: "Mpishi ni yupi? Nataka kumtuza."

Chiku akamsukuma Esha mbele. Esha akazipokea leso, akazitupia begani, akasema: "Chumvi aliitia huyu. Ikiwapandisha presha huko njiani, msije kwangu."

"Ilikuwa chache," alisema Chiku.

"Ilizidi."

"Ilikuwa chache, Bi Esha, na wewe ndiwe uliyenizuia mkono."

Bibi wa Kikoneni akawaacha wakibishana. Watu walikuwa wakipungua, watoto wakilala juu ya mikeka, shoka la Sefu limelala pia. Yalibaki masufuria, meusi nje, yamegandwa na mabaki ndani. Chiku akakunja mikono ya dera, akachukua jivu na makumbi ya nazi, akaingia ndani ya sufuria la kwanza mpaka mabegani, sauti yake ikivuma humo chini, ikiendelea na hoja ya chumvi. Esha akaishika fimbo yake kwapani, akainama kwa taabu, akalishika sufuria sikio lisibingirike.